Kidole kwenye simu, kalamu mkononi: watoto wetu na michezo ya kuchora

Juma hili tunajibu swali ambalo limetufikia kutoka vikundi vingi. Mtoto wa miaka mitatu ao minne anachukua simu ya mama, anafungua mchezo wa kupaka rangi, ananyamaza saa nzima. Je, anajifunza ao anaharibika? Tumwachie ao tumnyang'anye?

Jibu letu ni hili: mchezo huo si dawa wala si sumu. Unaweza kumfaa mtoto kwa dakika chache, mama akiwa karibu na simu ikiwa imefungwa vizuri. Lakini hauwezi kuchukua nafasi ya kalamu, makaa na udongo. Na simu iliyoachwa wazi inaweza kula mega, kula feza, na kumpeleka mtoto mahali ambapo hatukumtuma. Tueleze moja baada ya lingine.

Kinachofanyika kidole kinapogusa

Michezo hii iko ya aina mbili, na ni vizuri mama ajue kuzitenganisha.

Aina ya kwanza inampa mtoto picha iliyokwisha kuchorwa: simba, ua, gari, binti wa mfalme. Mistari myeusi iko tayari. Mtoto anachagua rangi, anagusa sikio la simba, na sikio lote linajaa rangi mara moja. Kazi hiyo anaifanya simu. Inaangalia nukta ile iliyoguswa, inaangalia nukta za jirani zenye rangi ileile, inazibadilisha zote mpaka ikutane na mstari mweusi. Rangi haivuki mstari hata siku moja. Mtoto amefanya mambo mawili tu: amechagua na amegusa.

Aina ya pili inampa mtoto ukurasa mweupe. Akipitisha kidole, mstari unafuata. Akitaka duara, lazima alizungushe mwenyewe. Akikosea, anafuta na kuanza tena, wala karatasi haikupotea. Hapa mtoto ndiye anayeanza kazi, na ndiye anayeimaliza. Kama mtu atatuuliza ni aina gani bora, tutasema ya pili, bila kusita.

Lakini hata hiyo ya pili haina uzito mkononi. Kioo cha simu ni laini pote. Kidole hakihitaji nguvu. Kwenye karatasi mambo ni mengine: mtoto akikandamiza sana, kalamu inatoboa; akikandamiza kidogo, haionekani. Anashika kaye kwa mkono mmoja ili isikimbie, anachora kwa mkono mwingine. Mwanzoni anashika kalamu kwa ngumi nzima na kutumia bega. Baadaye kifundo cha mkono kinaanza kufanya kazi. Karibu na miaka minne ao mitano, wengi wanaanza kuishika kwa vidole vitatu kama sisi. Nguvu hiyo ya vidole ndiyo atakayoitumia kuandika jina lake, kufunga vifungo vya shati na kushona.

Mwaka 2012, watafiti Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, huko Marekani, walichunguza watoto wa miaka mitano wasiojua bado kusoma. Watoto walijifunza herufi kwa njia tatu: kuziandika kwa mkono bila kielelezo cha kufuatisha, kupita juu ya alama zilizochorwa tayari, na kubonyeza kwenye mashine. Kisha walipigwa picha ya ubongo huku wakitazama herufi. Zile walizoziandika wenyewe kwa mkono ndizo zilizoamsha sehemu za ubongo ambazo mtu mzima anazitumia kusoma. Uchunguzi huo ulihusu herufi, haukuhusu kupaka rangi. Hata hivyo unatuambia jambo ambalo bibi zetu walilijua: mkono unapofanya kazi, kichwa kinajifunza.

Mikwaruzo si uchafu

Wamama wengine wanapenda mchezo wa simu kwa sababu picha inatoka nzuri. Simba wa rangi ya machungwa, bila doa. Halafu mtoto huyohuyo akichora kwa kalamu, wanaona mikwaruzo tu, na wanamwambia: "Unaharibu karatasi." Tuwe waangalifu hapo.

Mikwaruzo ina njia yake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili anafurahia tu kuona kwamba mkono wake unaacha alama. Karibu na miaka mitatu anaweza kufunga duara. Kisha duara linapata macho, na miguu miwili inatoka moja kwa moja kwenye kichwa, bila tumbo. Msicheke. Watoto wa nchi nyingi wanachora mtu wa namna hiyo. Mwalimu mmoja wa watoto wadogo wa San Francisco, Rhoda Kellogg, alikusanya michoro ya watoto karibu milioni moja, na mwaka 1969 akatoa kitabu kuhusu mambo aliyoyaona. Alionyesha kwamba mikwaruzo ya kwanza si ya ovyo: mistari inarudi, inavukana, inakuwa maduara na misalaba, na humo ndimo picha za baadaye zinamotoka.

Mtoto anayejaza tu picha za watu wengine anaruka njia hiyo. Tena anaweza kuanza kuona aibu. Anatazama simba wa simu, anatazama wa kwake, anasema: "Mimi sijui kuchora. Mama, nichoree." Tukisikia maneno hayo kwa mtoto wa miaka minne, tujue kwamba picha za tayari zimekuwa nyingi mno.

Picha ya nani?

Katika nchi yetu kuna hadithi ya kweli inayofaa hapa. Mwaka 1946, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakutaka kuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazifuatishe. Aliwaambia wachore yale waliyoyajua na kuyaona. Ndipo Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki zake, na Mwenze Kibwanga akapata namna yake ya mistari mingi myembamba. Mwenzao Bela, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole, akiweka alama ndogondogo za rangi mpaka picha ikajaa. Kazi zao zilionyeshwa katika nchi za mbali.

Kwa hiyo kuchora kwa kidole hakukuletwa na simu. Bela alikuwa na vidole vyake na rangi. Neno kubwa ni kwamba picha ilikuwa yake.

Tutazame sasa picha zilizo ndani ya michezo mingi ya simu. Kuna ngome za wafalme, theluji, mti wa Noeli wenye mipira. Si vibaya mtoto kuviona. Lakini yuko wapi muuza sambaza? Iko wapi mitumbwi ya Ziwa Kivu yenye taa usiku, mgomba nyuma ya nyumba, mama aliyebeba mzigo kwa kamba ya kichwani? Hizo picha hakuna atakayemchorea mtoto wetu. Lazima azichore yeye, kwenye ukurasa mweupe.

Muda gani?

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tunayaandika kwa kifupi:

Mtoto aliye chini ya mwaka 1: asikalishwe mbele ya simu wala televisheni.

Mtoto wa mwaka 1: vilevile, haishauriwi.

Mtoto wa miaka 2, 3 na 4: isizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Saa hiyo ni ya vioo vyote pamoja. Kama ametazama katuni kwa jirani nusu saa, basi imebaki nusu. Shirika hilo linasema pia kwamba mtoto wa miaka 3 ao 4 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, na kuchezacheza kwa mwili saa 3. Sisi tunaongeza shauri letu: simu isiwe kitu cha mwisho kabla ya usingizi, na isiwe chakula cha kila kilio. Mtoto anayepewa simu kila anapolia anajifunza kulia ili apate simu.

Dakika 15 zinatosha kwa mchoro mmoja. Mama aseme mapema: "Utachora picha moja, kisha utanionyesha." Picha ina mwisho ambao mtoto anauona, kuliko kumwambia dakika ambazo hajui kuzihesabu.

Feza zetu na siri zetu

Hapa ndipo tunaomba usikivu zaidi. Simu ya mama si mchezo. Ndani yake mna M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mna namba za wateja, feza za likirimba, na picha za familia. Mama mmoja wa kikundi chetu anayeuza sambaza alimwachia mtoto simu asubuhi. Saa nne, mteja alipopiga kuagiza, simu ilikuwa imezimika na umeme hakuna. Mteja akanunua kwa mwingine. Hakuna aliyemwibia. Mchezo ulikuwa umekula chaji tu, na mega za juma zima zikaishia kwenye matangazo.

Maana michezo mingi ya bure inalipwa na matangazo. Mtoto anamaliza picha moja, video inatokea. Alama ya kuifunga ni ndogo mno, na kidole cha mtoto ni kinene na chenye haraka. Anagusa, anapelekwa kwenye ukurasa mwingine, anaombwa kupakua mchezo mwingine, ao kujiandikisha. Kila video inakula mega. Na katika matangazo hayo yanaweza kutokea mambo ya watu wakubwa.

Halafu kuna siri. Baadhi ya michezo inaomba jina, picha ya uso, anwani ya barua pepe, ao mahali mlipo. Mchezo wa kupaka rangi unataka nini na hayo? Jambo hili limekwisha kufika mbele ya sheria. Mwezi wa 7, mwaka 2021, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, Federal Trade Commission, ilitangaza mapatano na wenye programu ya kupaka rangi iitwayo Recolor. Tume iliwashtaki kwamba walikusanya habari za watoto wa chini ya miaka 13 bila kuwaambia wazazi wala kupata ruhusa yao. Faini ilikuwa dola milioni 3; kwa kuwa kampuni ilionyesha haina uwezo, ilitakiwa kulipa dola 100,000. Iliagizwa pia kufuta habari za watoto hao.

Kwetu Kongo, sheria iitwayo Code du numérique ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, na ina sehemu inayohusu ulinzi wa habari za mtu binafsi. Ni jambo jema. Lakini sheria iko Kinshasa, na simu iko mkononi mwa mtoto. Mlinzi wa kwanza ni mama.

Namna ya kufunga simu kabla ya kumpa mtoto

Hatua hizi ni za simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo. Maneno ya Kifaransa tunayaacha kama mnavyoyaona kwenye simu.

Kwanza, zima intaneti. Bonyeza Données mobiles mpaka izimike. Hapo matangazo mengi hayawezi kuingia wala mega haziondoki, na wateja bado wanaweza kukupigia. Ukiwasha Mode avion, hata mwito hautaingia. Chagua kulingana na kazi yako. Mchezo wa kupaka rangi unaokataa kufunguka bila intaneti, ufute.

Pili, mfungie mtoto ndani ya mchezo mmoja. Ingia Paramètres, kisha Sécurité, tafuta neno Épinglage. Ukiiwasha, unaweza kubandika programu moja kwenye kioo; washa pia sehemu ya kuomba namba ya siri kabla ya kutoka, ndipo mtoto hawezi kutoka bila namba yako. Mahali pa neno hilo panabadilika kwa simu na simu. Mwombe kijana wa nyumbani akusaidie kulitafuta, lakini namba ya siri uiandike wewe.

Tatu, namba ya siri ya feza isifanane na namba ya kufungua simu. Na usiitaje mbele ya mtoto. Wa miaka mitano anakumbuka.

Nne, kabla ya kupakua mchezo katika Play Store, soma maandishi madogo chini ya jina. Ukiona Contient des annonces, ujue kuna matangazo. Tazama pia kama wameandika kwamba kuna vitu vya kununua ndani. Mchezo ukiomba ruhusa ya kuona majina ya watu wako, kusikia sauti ao kujua mahali ulipo, kataa.

Programu mbili tunazoweza kuzitaja

Hatuuzi kitu, na hizi mbili ni za bure kabisa, bila matangazo, na zinafanya kazi bila intaneti zikisha kupakuliwa.

Tux Paint ilianzishwa mwaka 2002 na Mmarekani Bill Kendrick, kwa ajili ya watoto kuanzia miaka 3. Inampa mtoto ukurasa mweupe, brashi, rangi, na mihuri ya picha ndogondogo. Iko kwa kompyuta na kwa Android, na maandishi yake yanapatikana kwa Kifaransa.

GCompris ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin. Jina lake ukilisoma kwa sauti linasikika kama "j'ai compris", yaani nimeelewa. Ina michezo zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 mpaka 10: rangi, herufi, hesabu, na kuchora pia.

Kikundi chenye simu moja kubwa ao kompyuta kinaweza kupakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, na watoto wakachora kwa zamu siku ya kikao. Hivyo hata mama asiye na simu ya kugusa mtoto wake hataachwa nyuma.

Bila simu, bila duka

Kalamu za rangi zina bei, tunajua. Lakini rangi iko jikoni na uani.

Chukua vijiko 2 vya unga wa mahindi, vikoroge katika kikombe 1 cha maji baridi, upike juu ya mbabula huku ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito. Upoe. Gawanya katika vifuniko ao vikopo. Cha kwanza tia manjano ya kupikia, kitakuwa cha njano. Cha pili tia maji ya majani ya lengalenga yaliyotwangwa, kitakuwa kijani. Cha tatu tia udongo mwekundu uliochekechwa. Cha nne tia makaa yaliyosagwa. Mtoto achore kwa kidole ao kijiti kwenye katoni iliyokatwa. Rangi hii inaharibika upesi, kwa hiyo tengeneza kidogo na umwage kesho yake.

Onyo moja: msitumie kamwe unga mweusi wa betri za zamani. Una sumu, na vidole vya mtoto vinaingia mdomoni.

Kipande cha makaa yaliyopoa kinachora vizuri kwenye ubao wa zamani. Kijiti kinachora kwenye udongo uliomwagiwa maji kidogo. Hapo hakuna chaji wala mega.

Mtoto aliyeona mabaya

Wamama, tunakaa katika jimbo ambalo watoto wengi wamekimbia, na wengine wamesikia na kuona mambo ambayo hata mkubwa hawezi kuyabeba. Mara nyingine mtoto asiyetaka kusema anachora: nyumba yenye moto, mtu mwenye bunduki, mtu aliyelala chini. Tunaomba mambo matatu.

Usimgombeze, wala usiichane picha hiyo. Usimlazimishe kuieleza, sema tu, "Nieleze kama unataka," halafu nyamaza, usikilize. Na usijifanye mganga wa picha: rangi nyeusi peke yake si ugonjwa, pengine ndiyo kalamu iliyobaki. Lakini kama mtoto anaota vibaya kwa muda mrefu, anakojoa kitandani baada ya kuacha, hataki kucheza wala kula, mpeleke kituo cha afya ao kwa mtu aliyefundishwa kusaidia watoto, na uchukue michoro yake.

Kwa kazi hiyo karatasi inashinda simu. Simu inaweza kuibiwa, kuuzwa, kuanguka majini, na michoro yote ikaenda nayo. Karatasi unaikunja, unaandika jina na tarehe nyuma, unaiweka pamoja na kadi ya chanjo.

Kazi ya juma hili

Kila mama ampe mtoto wake karatasi ao katoni moja, na kitu cha kuchorea. Asimwonyeshe namna. Asimsahihishe. Mtoto akimaliza, asiulize, "Hii ni nini?" kwa sauti ya kushangaa, bali aseme, "Niambie kuhusu picha yako." Maneno atakayosema, yaandikeni chini. Asiyejua kuandika, kaka ao dada wa mtoto ataandika.

Leteni michoro hiyo kwenye kikao kijacho. Tutaifunga kwa kamba ukutani ili wote waione, na hakuna itakayopewa namba ya kwanza wala ya mwisho. Anayetaka kusaidiwa kufunga simu yake aje nayo siku hiyohiyo, ikiwa na chaji.